Kutoka Kambini na Dukani hadi Bungeni: Mwongozo kwa Mwanajeshi Mstaafu Anayekusudia Kugombea Ubunge

Mwongozo huu ninamwandikia mtu aliyevaa sare ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania au ya Jeshi la Kujenga Taifa, akastaafu kwa heshima, akafungua ghala la nafaka Kibaigwa, kinu cha kukamua alizeti Singida au kampuni ya ujenzi hapa Dodoma, na sasa anafikiria kuwaomba watu wa jimbo lake wamtume bungeni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa mbunge, nikibeba randama (vitabu vya maelezo ya bajeti za wizara), nikiandaa maswali na kuwasikiliza wapiga kura kwenye benchi la ofisi ya jimbo. Katika miaka hiyo nimewaona watu wa historia hii wakiifanya kazi ya ubunge vizuri sana, na nimewaona wengine wakikwama mapema. Waliokwama hawakupungukiwa akili wala uzalendo. Hawakutenganisha kwa wakati utumishi wao wa zamani, mali yao ya sasa na kazi waliyokuwa wakiiomba, na mambo hayo yaliposhikana, kila swali waliloulizwa lilikuwa gumu kulijibu.

Hakikisha kwanza kwamba umetoka jeshini

Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamkataza mwanajeshi yeyote kujiunga na chama cha siasa, ingawa inamwachia haki ya kupiga kura. Neno "mwanajeshi" katika ibara hiyo ni pana kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa linamhusu aliye katika utumishi wa Jeshi la Ulinzi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa, awe ameajiriwa kwa masharti ya kudumu au ya muda. Kwa upande mwingine, Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ukizisoma ibara hizo mbili pamoja utaona kwamba hakuna njia ya mkato: lazima ustaafu kwanza, upate hati zako zote za kustaafu, ndipo uchukue kadi ya chama. Tarehe ya kadi ikitangulia tarehe ya kustaafu, umempa mshindani wako pingamizi lililokwisha kuandikwa.

Vijana wengi hawajui sababu ya katazo hili, na ni vizuri uijue kwa sababu utaulizwa. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles mwezi Januari 1964, jeshi lile lilivunjwa na JWTZ ikaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, ikichukua vijana walioonekana kuwa watiifu kwa TANU. Kwa takribani miaka 28 iliyofuata, siasa ya chama na utumishi wa jeshi vilikaa nyumba moja. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, maofisa waliokuwa na nyadhifa za kisiasa walitakiwa kuchagua upande mmoja. Jakaya Kikwete, aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka 1988 akiwa bado ofisa wa jeshi, alistaafu mwaka 1992 akiwa na cheo cha Luteni Kanali na kubaki katika siasa. Wengine waliopita njia ya jeshi na kufika bungeni ni Kapteni Mstaafu George Mkuchika wa Newala na, kwa upande wetu huku kanda ya kati, Kapteni Mstaafu John Chiligati wa Manyoni Mashariki. Kwa hiyo njia unayoifikiria imepitwa na watu kabla yako, lakini imepitwa na watu waliofunga mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine.

Ukishastaafu, cheo chako kinaweza kutajwa pamoja na neno "mstaafu", lakini sare ibaki kabatini. Usipige picha za kampeni ukiwa na vazi la jeshi, usiwaombe askari walio kazini wakusafirishie watu au wakuhamasishie kura, na usiende kambini kutafuta uungwaji mkono, hata kama mkuu wa kikosi ni mtu mliyelala naye handaki moja. Vilevile, kiapo chako cha kutunza siri hakikuisha siku uliyokabidhi vifaa. Nimemsikia mgombea mmoja akisimulia jukwaani mambo ya operesheni aliyoshiriki ili apigiwe makofi. Makofi aliyapata, ila wazee waliokuwa wametumikia pamoja naye waliondoka uwanjani kabla hajamaliza, na hawakumrudia.

Biashara: hapa ndipo kazi kubwa ilipo

Mwanajeshi mstaafu aliyefanikiwa kibiashara huona mali yake kama sifa ya kugombea, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa aliyewahi kulipa mishahara ya watu kumi na wawili kutoka katika mauzo ya alizeti anaielewa bajeti kuliko aliyeisoma kwenye vitabu tu. Hata hivyo, mali hiyohiyo ndiyo itakayochunguzwa kuliko kitu kingine chochote maishani mwako. Anza kuipanga angalau miaka miwili kabla ya uchaguzi, wala usisubiri wiki ya kuchukua fomu.

Fuatilia kodi zako kwanza. Katiba, katika Ibara ya 67, inamwondolea sifa mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kulipa kodi ya Serikali katika kipindi cha miaka mitano kabla ya uchaguzi. Kaa na mhasibu wako, linganisheni leja na risiti za mashine ya EFD, hakikisheni kila tawi lina leseni hai, na kama kuna malimbikizo mwende ofisi ya TRA mkapange namna ya kuyalipa kwa maandishi. Pitia pia kumbukumbu za kampuni kwa Msajili wa Kampuni, BRELA, uone kama majina ya wakurugenzi na wanahisa bado ni sahihi. Wafanyabiashara wengi wa kwetu huanzisha kampuni na ndugu au rafiki wa jeshini, wakaachana kwa amani, lakini kwenye karatasi wakabaki washirika kwa miaka kumi. Deni la huyo mshirika wa zamani, au kesi yake, litakuja kusomwa kama la kwako.

Jambo la pili ni mikataba na Serikali, na hili naomba ulizingatie zaidi ya mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu. Ibara hiyohiyo ya 67 inagusa mtu mwenye maslahi katika mkataba wa Serikali wa aina iliyowekewa miiko maalumu na sheria, iwapo amekiuka miiko hiyo. Mbali na sifa za kugombea, kuna tatizo la siku zitakazofuata ukishachaguliwa. Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani katika halmashauri iliyomo ndani ya jimbo lake. Ikiwa kampuni yako ndiyo inayojenga madarasa ya halmashauri ile au ndiyo inayosambaza saruji, utakuwa unakaa mezani kujadili malipo yako mwenyewe. Mtu mwadilifu anaweza kujiambia kwamba atanyamaza wakati wa mjadala huo, lakini mkurugenzi, mhandisi na ofisa ununuzi wote wanakuona umekaa pale, na ukimya wako nao wanausikia. Ushauri wangu ni kwamba mkataba ulio hai umalizwe na kukabidhiwa kabla ya kuchukua fomu, na kampuni isiombe tena zabuni za halmashauri ya jimbo lako kwa muda wote utakaokuwa mbunge. Ni hasara ya fedha. Ukiona huwezi kuibeba, ni bora uendelee na ujenzi, kwa kuwa mjenzi mwaminifu naye anahitajika sana katika jiji hili linalopanuka kila mwezi.

Kwa zabuni za taasisi nyingine za umma, maslahi yako yatamkwe. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka mbunge anayezungumzia jambo lenye maslahi yake binafsi ya kifedha aeleze kwanza anavyohusika nalo. Jizoeze sentensi hiyo mapema: "Mheshimiwa Spika, kabla sijaendelea naomba kutamka maslahi yangu, mimi ni mmiliki wa kinu cha mafuta ya alizeti." Anayezungumzia ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje baada ya kusema hivyo husikilizwa kama mtu anayeijua sekta, ilhali anayeficha akagundulika baadaye huonekana kuwa alikuwa akipigania mfuko wake, hata kama hoja yake ilikuwa ya haki kwa wakulima wa Singida, Dodoma na Simiyu.

Jambo la tatu ni nani atakayeendesha biashara ukiwa bungeni. Katiba inasema, katika Ibara ya 71, kwamba mbunge atakayekosa kuhudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika atapoteza kiti chake, na hata pasipo katazo hilo, Mkutano wa Bajeti peke yake unaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni. Miezi hiyo ndiyo mavuno ya kanda yetu yanapoanza kuingia ghalani na bei kubadilika kila asubuhi. Mfanyabiashara aliyezoea kupima magunia mwenyewe na kutoa mali kauli kwa kumtazama mteja usoni atalazimika kumwachia mtu mwingine maamuzi hayo. Mtafute msimamizi sasa, mpe mamlaka ya kweli, umwache aendeshe msimu mmoja mzima bila wewe, uone hesabu zinatokaje.

Fedha za kampeni na kiinua mgongo

Usiweke rehani nyumba, ghala wala kinu kwa ajili ya kampeni. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kukaa sebuleni na familia ambayo baba alikuwa ametumia kiinua mgongo chake chote, pamoja na mkopo uliodhaminiwa na ghala, akashindwa katika kura za maoni za chama kabla hata ya kampeni zenyewe kuanza. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea ataje fedha alizonazo na anazotarajia kuzitumia, inaweka ukomo wa matumizi, na inadai hesabu baada ya uchaguzi. Ichukulie kama inavyostahili, yaani kama ngao ya familia yako dhidi ya tamaa ya kushindana kwa kumwaga fedha.

Kuhusu zawadi, kumbuka historia ya takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu kilichoitwa ukarimu wa kijadi wakati wa kampeni, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mfanyabiashara ana mtego wake hapa, kwa sababu huenda kwa miaka mingi umekuwa ukichangia misiba, ukiwapa wateja sukari wakati wa Ramadhani na kununua jezi za timu ya kata. Mazoea hayo mema yakiongezeka ghafla katika mwaka wa uchaguzi yataonekana kwa sura nyingine mbele ya TAKUKURU na mbele ya wananchi wenyewe. Weka daftari la michango yako ya miaka iliyopita, na katika mwaka wa uchaguzi usivuke kiwango ulichokuwa nacho.

Chama

Sehemu hii haina mengi. Katiba ya nchi haimruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo utapita katika chama, na kila chama kina kalenda, fomu na vikao vyake. Jiunge na tawi la mahali unapoishi kweli, hudhuria vikao hata pale ambapo hakuna nafasi ya kugombewa, lipa ada kwa wakati, na uisome katiba ya chama chako mwanzo hadi mwisho. Mstaafu anayeingia chamani miezi mitatu kabla ya kura za maoni huonekana mgeni, na wajumbe wana kumbukumbu ndefu.

Kulijua jimbo bila kuamuru

Mkoa wa Dodoma una wilaya saba, na hata jiji lenyewe limegawanywa: katika uchaguzi wa mwaka 2025 lililokuwa jimbo moja la Dodoma Mjini lilitoa jimbo jipya la Mtumba. Tofauti kati ya kata na kata ni kubwa kuliko ramani inavyoonyesha. Mkulima wa zabibu wa Makutupora anahofia soko la mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, mkulima wa mpunga wa Bahi anahofia maji ya mto kuchelewa, na mama wa Nzuguni anahofia kodi ya chumba inayopanda kwa sababu ya watumishi waliohamia makao makuu ya nchi. Huwezi kuwaendea wote kwa hotuba moja.

Jeshini ulizoea kwamba ukitoa amri, kazi inafanyika, na asiyeelewa anauliza kwa kifupi kisha anakwenda. Kijijini mambo ni kinyume kabisa. Mgombea mmoja niliyefuatana naye, mtu mwaminifu na mchapakazi, alifika mkutanoni saa mbili kamili asubuhi kama alivyotangaza, akakuta watu saba. Aliwakemea waliochelewa walipoanza kuingia saa nne. Hakujua kwamba walikuwa wametoka kunywesha ng'ombe kwenye lambo lililo mbali, na kwamba kwa ajili yake walikuwa wameondoka mapema kuliko kawaida. Jioni ile mzee mmoja alimweleza kwa upole kwamba mbunge hutumwa, na anayetumwa huanza kwa kusikiliza. Namshukuru mgombea yule kwa kuwa alirudi kijijini pale wiki iliyofuata, akasalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", akaketi chini ya mbuyu, akaomba radhi, kisha akasikiliza hadi jua likazama.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba kura, hudhuria mikutano mikuu ya vijiji kama mwananchi wa kawaida. Soma mbao za matangazo zinazoonyesha mapato na matumizi. Nenda kisimani uone kama pampu inafanya kazi, ni nani anayekusanya fedha za maji, na fundi hutoka wapi inapoharibika. Andika tarehe, jina la kitongoji na kiasi cha fedha. Nidhamu ya kuandika taarifa ya doria, uliyofundishwa ukiwa kuruta, hapa ina thamani kuliko sauti ya gwaride.

Ukishaapishwa

Jitahidi, hata kabla ya kugombea, uhudhurie angalau siku mbili za Bunge ukiwa mgeni kwenye jukwaa la wageni. Treni ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam inafika Dodoma tangu mwaka 2024, kwa hiyo hata anayeishi mbali hana kisingizio kikubwa. Chagua siku ya wizara yenye mjadala mkali, ukae hadi jioni inapoitwa Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha mafungu ya fedha ya wizara hiyo. Hapo utaona mbunge ambaye hakuridhika na maelezo ya waziri akitaka kutoa shilingi katika mshahara wa waziri huyo. Shilingi yenyewe si kitu, lakini hoja hiyo inamlazimisha waziri kueleza kwa undani, na wabunge wengine wanaweza kuiunga mkono au kuipinga, kisha mwenye hoja akiridhika anairudisha shilingi. Mfanyabiashara anaielewa njia hii haraka: bei haijakubaliwa, na mnunuzi hajaondoka dukani.

Swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi, hivyo waziri anakuja akiwa na jibu lililoandaliwa na wataalamu. Nguvu yako iko katika maswali mawili ya nyongeza. Ukiuliza ni lini kisima cha kijiji fulani kitakamilika, utajibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa maji na kwamba fedha zimetengwa. Usiketi ukiwa umeridhika. Nyongeza ya kwanza iulize fedha hizo zimetengwa katika mwaka gani na zimetoka kiasi gani hadi leo. Ya pili imwombe waziri afuatane nawe kwenda kuona. Andaa nyongeza zote mbili kabla hujaingia ukumbini, ukidhani jibu litakuwaje, kama ulivyokuwa ukidhania mwendo wa adui kwenye ramani.

Kuhusu kamati, Spika ndiye anayewapangia wabunge, na mstaafu wa jeshi hutamani mara moja Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Ni kamati ya heshima na utaalamu wako unafaa pale. Bajeti ya ulinzi utaikuta katika mafungu matatu, yaani Fungu 57 la Wizara, Fungu 38 la Ngome (yaani JWTZ) na Fungu 39 la JKT, na utaisoma randama yake kama barua kutoka nyumbani. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa wanaokuja mbele ya kamati ni makamanda uliowahi kuwapigia saluti, au walioipiga kwako. Kazi yako sasa ni kuwauliza kuhusu nyumba za askari, madeni ya wazabuni na posho zilizochelewa, na kuuliza kwa adabu bila kunyenyekea. Kama unajijua kwamba huwezi, eleza mapema kuwa ungependa Kamati ya Hesabu za Serikali, ambako uzoefu wako wa leja utatumika. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humfikia Rais ifikapo mwisho wa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili, na kwa mtu anayejua tofauti kati ya mzigo ulioandikwa na mzigo ulioingia stoo, hakuna nyaraka yenye manufaa zaidi kuisoma ukurasa kwa ukurasa.

Jimboni utakuwa pia mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ni fedha za umma zinazopita katika halmashauri, wala si fedha zako za kugawa. Duka la ndugu yako lisiuze bati hata moja kwa miradi ya mfuko huu.

Mwisho kuna tamko la mali. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inakutaka utoe tamko la mali na madeni unapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na unapotoka. Wenye biashara ndio huhangaika zaidi, kwa sababu mwezi Desemba wanakumbuka ghafla shamba la Kongwa, gari lililoandikwa jina la kampuni na hisa walizonunua wakati wakiwa kambini. Fungua jalada moja mwezi Julai, mara Mkutano wa Bajeti unapokwisha, uweke humo nakala za hati, kadi za magari, taarifa za benki na orodha ya madeni, zako na za mwenzi wako, ili ifikapo tarehe 31 Desemba uwe unajaza fomu kutoka kwenye jalada hilo badala ya kuitegemea kumbukumbu yako.